WiFi inasumbua: kabla hujampigia fundi, jua kwanza tatizo limekaa wapi

Ingia group lolote la WhatsApp la mtaa kuanzia saa 2 usiku, utakuta mtu kauliza "jamani WiFi zenu ziko sawa?" na chini yake kila mtu na jibu lake. Mmoja anasema ni mvua, mwingine anasema kampuni inatuibia, wa tatu anasema nyaya za baharini zimekatika tena, na hakosekani wa kusema zima washa. Na wote wanaweza kuwa wanasema kweli, maana "WiFi inasumbua" ni lalamiko moja lililobeba matatizo kibao yasiyohusiana, na dawa ya hili haitibu lile.

Hiyo ya nyaya imeshika sana tangu Mei 12, 2024. Siku ile nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti kutoka nje, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ikawa moja ya nchi zilizoumia zaidi. Tangu hapo mtandao ukisuasua kidogo tu mtu anakwambia nyaya hizo. Sasa nyaya za baharini hazikatiki kila siku usiku zikaunganishwa asubuhi, na wala hazichagui chumba. Kama sebuleni video inacheza na chumbani haichezi, bahari haihusiki hata kidogo.

Maneno machache ya kuelewa kwanza

Intaneti ndo huduma unayolipia kila mwezi. WiFi ni mawimbi yanayotoka kwenye rauta kwenda kwenye simu yako, na yanaishia humohumo ndani, labda na kwa jirani kidogo. Kwahiyo unaweza ukawa na WiFi mistari imejaa yote na intaneti hakuna, na ndo maana simu inakuandikia umeunganishwa ila hakuna intaneti, watu wanaona simu inajichanganya kumbe inasema ukweli mtupu.

Rauta ndo kile kifaa kinachogawa. Kwa wenye faiba kuna kiboksi kinachopokea ule waya mwembamba unaotoka kwenye nguzo, na siku hizi kiboksi hicho na rauta mara nyingi ni kitu kimoja. Kwa wenye rauta ya laini, ile ya 4G au 5G, hakuna waya, inaongea na mnara.

Chukulia una mzigo unatoka Mwanza unakuja kwako Goba. Basi linauleta mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, kutoka pale bodaboda anauleta mpaka getini. Mzigo ukichelewa unaweza ukalilaumu basi mchana kutwa kumbe basi limefika asubuhi na mapema, boda ndo kapotelea kwenye vichochoro. WiFi ndo huyo boda, anafanya kipande kifupi cha mwisho tu. Kuanzia kwenye rauta kwenda kwa kampuni yako na kutoka pale kwenda duniani huko, hilo ni basi. Watu wanalilaumu basi kila siku, na kwa ninavyoona mimi kesi nyingi za majumbani ni za boda.

Kasi ni kiasi gani cha data kinapita kwa sekunde, na inapimwa kwa Mbps. Hizo ni megabiti, sio megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwahiyo kifurushi cha Mbps 20 kikifanya kazi vizuri kabisa kinashusha faili kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, muvi ya GB 1 inachukua kama dakika 7 hivi, na hapo hujaibiwa chochote. Nusu ya ugomvi wa watu na kampuni zao unaishia kwenye hesabu hii.

Ping ni tofauti na kasi. Ni muda ambao ujumbe mdogo unatumia kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Mwanga ndani ya faiba unatembea kilometa kama laki mbili kwa sekunde, ni kasi kubwa lakini Ulaya ni mbali na waya unazunguka baharini, kwahiyo kutoka Dar kwenda na kurudi unakuta milisekunde 150 hivi au zaidi. Hakuna kifurushi cha bei yoyote kitakachoifanya iwe 20. Wale wanaocheza gemu kwenye seva za Ulaya wanaopandisha kifurushi kutoka Mbps 20 kwenda 50 ili ping ishuke wanachangia tu kampuni.

Mwisho pakiti. Data inasafiri kwa vipande vidogo, vinaitwa pakiti, na vingine vinapotea njiani. Vikipotea vichache tu simu ya video inaganda na sauti inakatika katika, wakati huohuo ukipima kasi unaona namba nzuri tu. YouTube haikuonyeshi huo ugonjwa kwasababu inavuta akiba ya mbele kabla hujafika. Ndo maana mtu akisema "YouTube iko poa ila Zoom inakata" ashakupa nusu ya jibu, huyo hana shida ya kasi, ana pakiti zinapotea au ping inayorukaruka.

Kipimo kimoja kinachomaliza ubishi

Kabla ya kupima chochote jiulize mawili. Inasumbua kwenye simu moja au zote? Kama ni moja, achana na rauta, hangaika na hiyo simu, na cha kwanza angalia VPN, maana watu wanawasha VPN kwa ajili ya jambo moja wanaisahau inakimbia wiki nzima, kila kitu kinazungushiwa nchi nyingine ndo kirudi. Inasumbua kwa jirani anayetumia kampuni hiyohiyo? Kama ndio, tulia, tatizo ni la kampuni.

Kama ni kwako peke yako na ni kwenye vifaa vyote, tafuta kompyuta. Ya Windows, kwenye sehemu ya kutafuta andika cmd, kikifunguka kile kidirisha cheusi andika ping -t 192.168.1.1 alafu bonyeza Enter. Hiyo namba ni ya rauta, ya kwako inaweza kuwa tofauti, mara nyingi imeandikwa kwenye stika chini yake, nyingine zinatumia 192.168.0.1 na rauta nyingi za laini ni 192.168.8.1. Fungua kidirisha cha pili andika ping -t 8.8.8.8, hii ni seva ya Google. Ziache zote mbili zikimbie pamoja, we endelea na shughuli zako, subiri mpaka isumbue.

Kidirisha cha kwanza kinakuonyesha safari ya boda peke yake. Kinatakiwa kisome milisekunde 1, 3, 5, ikizidi sana 10 mara mojamoja. Ukiona kinasoma 3 alafu 180 alafu 4 alafu 620 alafu kinaandika "Request timed out", tatizo liko humo ndani ya nyumba yako na fundi wa kampuni akija hana cha kufanya kwenye nguzo. Kama cha kwanza kimetulia kabisa na cha pili ndo kinamwaga timed out, WiFi yako haina kosa, tatizo linaanzia kwenye rauta kwenda nje. Ukibonyeza Ctrl na C kwa pamoja kinasimama na kukupa jumla, pakiti ngapi zimetumwa na asilimia ngapi zimepotea, hapo piga picha, utaihitaji baadaye. Kwa mwenye simu tu, app za bure za ping zipo nyingi na zinasomeka hivyohivyo.

Kuna hali ya tatu, vidirisha vyote vimetulia lakini kurasa hazifunguki. Hapo mara nyingi ni DNS, ule mfumo wa kubadilisha jina la tovuti kuwa namba. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, weka DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8, jaribu tena. Mitandaoni kuna watu wanauza hii kama siri ya kuongeza kasi. Muvi yako itashuka kwa kasi ileile, kitakachopona ni zile kurasa kugoma kufunguka, basi.

Tatizo likiwa ndani

Sasa nenda kaiangalie rauta yako imekaa wapi. Naweza kubashiri: sebuleni kwenye kona, nyuma ya TV, karibu na sakafu, pembeni yake dekoda, na kama mama mwenye nyumba ni mtu wa mapambo basi juu yake kuna kitambaa cha kufuma. TV kwa nyuma imejaa chuma na inazuia mawimbi, kona inafanya nusu ya mawimbi yaende nje kwa jirani, na kitambaa kinaziba matundu rauta inapata joto. Itoe, iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Waya ukiwa mfupi mwambie fundi akuvutie mrefu, ni kazi ndogo kuliko kununua kifurushi kikubwa.

Kuta nazo zina tabia zao. Jipsam inapitisha. Tofali za bloku zinapunguza. Zege lenye nondo linapunguza sana, ndo maana ghorofa ya juu mnalia wakati rauta iko chini. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa, zile kuta za mawe zinafika nusu mita, hapo rauta moja kwa nyumba nzima usitegemee. Friji, tangi la maji na kioo kikubwa cha ukutani pia ni vizuizi.

Alafu kuna lile jambo la majina mawili, WiFi moja imeandikwa jina lako na nyingine jina lako na 5G mwishoni. Hiyo 5G haina uhusiano wowote na 5G ya mnara, ni gigahezi 5, aina ya mawimbi. Kuna watu wanaamini wakiunganisha hapo wanapata intaneti ya 5G, hapana, intaneti ni ileile unayolipia. Tofauti ni kwamba gigahezi 5 inaenda kasi na haina msongamano ila ukuta ukiwa mmoja mnene inachoka, na ile ya gigahezi 2.4 inafika mbali ila imejaa watu: WiFi za majirani, spika za Bluetooth, na maikrowevu inapopasha chakula inavuruga mawimbi hayohayo. Ukikaa chumba kimoja na rauta tumia ya 5. Mbali tumia 2.4.

Kwenye apatimenti hili la msongamano ndo balaa. Ile ya 2.4 ina chaneli, yaani njia za mawimbi, tatu tu ambazo haziingiliani, namba 1, 6 na 11, sasa fungua simu uhesabu WiFi unazoziona ukiwa kitandani, zote zinagombania hizo tatu. App ya bure ya kuonyesha chaneli itakuambia ipi ina watu wachache, ingia kwenye ukurasa wa rauta (andika ile namba yake kwenye browser) uihamishie huko. Na ukiwa humo badilisha nenosiri kama lilikuwa la kwenye stika, maana jirani kutumia WiFi yako ni jambo la kweli kabisa, ingawa ukweli ni kwamba linasingiziwa mara nyingi kuliko linavyotokea.

Ekstenda, hivi vidude vya kuchomeka kwenye soketi, watu wananunua wanachomeka kulekule chumbani ambako WiFi haifiki. Mistari inajaa, furaha tele, intaneti inabaki vilevile. Ekstenda haitengenezi intaneti, inarudia inachosikia, ikiwekwa mahali isiposikia itarudia upuuzi. Iweke katikati ya njia, pale ambapo WiFi bado ina nguvu. Na zile za bei rahisi zinatumia mawimbi hayohayo kusikiliza rauta na kuongea na simu, kwahiyo kasi inakatika karibu nusu. Kama una uwezo vuta kebo ya mtandao mpaka chumbani weka rauta ya pili kule, hiyo ndo tiba.

Usisahau mnaotumia ndani. Simu inayopandisha picha zote za harusi kwenda Google, kamera za ulinzi zinazotuma video nje muda wote, hizi zinajaza njia ya kupandisha. Ikijaa, hata kushusha kunakwama, kwasababu kila unachoshusha simu inatakiwa itume jibu kwamba nimepokea, na hilo jibu limekwama kwenye foleni. Hapo kidirisha cha pili cha ping kitakuonyesha balaa na utailaumu kampuni bure. Zima vyote, bakiza kompyuta moja, pima tena.

Tatizo likiwa nje, au kwenye umeme

Mtandao ukikata, usikimbilie simu, kaangalie taa. Kama taa zote zimezimika na zinaanza kuwaka upya moja moja, hapo hakuna tatizo la mtandao, rauta imekosa umeme. Adapta imechoka, au soketi ya ekstensheni imelegea, au umeme wa jioni uko chini sana. Kuna na hii ambayo mafundi wanakutana nayo sana, adapta ya rauta ilikufa mtu akachomeka ya dekoda kwasababu tundu limeingia. Volti zinaweza kufanana ila ampea zikiwa ndogo rauta inawaka vizuri tu, ikizidiwa kazi inajizima. Soma maandishi ya adapta na ya rauta, volti ziwe sawa, ampea zisipungue.

Kwenye faiba kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi. Ndani ya ule waya kuna kioo chembamba, kwahiyo angalia kama haujabanwa na mguu wa kochi au kukunjwa kwenye kona ya dirisha. Kama uko sawa, piga simu, hapo hakuna zima washa itakayosaidia. Usichomoe ile ncha ya kijani kuipuliza, alama ya kidole tu inapunguza mwanga, na usiichungulie, mwanga wake hauonekani lakini sio mzuri kwa jicho.

Mvua je? Mwanga ndani ya faiba hauna habari na mvua. Ila maji yakiingia kwenye kiboksi cha maungio juu ya nguzo, au tawi likiangukia waya, lazima utaona. Kwa wenye setilaiti, kama Starlink iliyoanza Kenya 2023, hapo mvua kubwa kweli inapunguza mawimbi yenyewe. Wenye rauta ya laini hangaikeni zaidi na mahali: isogeze dirishani upande wa mnara, ingia kwenye ukurasa wake tafuta namba inayoitwa RSRP, ndo nguvu ya mawimbi ya mnara, ni namba hasi, ikiwa kama -80 uko vizuri, ikikaribia -110 unateseka. Kusogea mita mbili tu kunaweza kubadilisha kila kitu, hasa nyumba ya bati.

Msongamano wa jioni ni wa kweli. Faiba moja inagawanywa kwa nyumba 32 au 64, na juu ya hapo kampuni inagawa tena uwezo wake kwa wateja wote. Pima kwa kebo, sio kwa WiFi, saa 11 alfajiri na saa 3 usiku. Alfajiri ikija Mbps 20 na usiku 4, siku kadhaa mfululizo, hilo ni la kampuni kuwa na wateja wengi kuliko uwezo. Ila kwanza soma masharti ya hiyo anlimited yako, nyingi zina kiwango ukikipita unashushwa kasi mpaka mwezi uishe, na mtu anaanza kulia tarehe 20 kila mwezi hajui kwanini.

Na nyaya za baharini zikikatika kweli utajuaje? Kampuni nyingi zinalegea kwa wakati mmoja, na vile vitu vyenye nakala humu nchini, video nyingi za YouTube kwa mfano, vinaweza kuendelea kufunguka wakati mfumo wa kazini wenye seva Ulaya unagoma. Kuna wakati pia intaneti inazimwa nchi nzima, kama Tanzania wiki ya uchaguzi wa Oktoba 2025, hapo hata ukipima mpaka kesho rauta yako haina la kukujibu.

Kuhusu zima washa, inafanya kazi, sio ushirikina. Rauta ni kompyuta ndogo, inajaa, inakwama, ikianza upya inajisafisha na mara nyingine inachagua chaneli nyingine. Ila ukiona unazima kila siku kuna ugonjwa unaufunika, joto au adapta au rauta yenyewe imezeeka. Kuzima ni kuchomoa umeme sekunde 30. Sio kuingiza pini kwenye lile tundu dogo la RESET, ile inafuta mipangilio yote pamoja na ile ya kampuni, ukishafanya hivyo unaweza ukakosa intaneti mpaka fundi aje.

Ukipiga huduma kwa wateja usiseme "mtandao unasumbua", watakwambia uzime uwashe. Sema hivi: nimepima kwa kebo, saa 3 usiku siku tatu, ping ya rauta imetulia, ya nje inapoteza asilimia kadhaa, taa ya LOS haijawaka, picha ninazo. Omba namba ya malalamiko uiandike pamoja na tarehe, kwasababu kwa Tanzania TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wanapokea malalamiko ya wateja ila wanataka uwe umeanza na kampuni kwanza, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano kwa utaratibu huohuo.